Mianga ya Angani na Khofu ya Moyoni



Mtu akiinua macho usiku hapa Msimbazi, huenda akaona nuru nyingi zikipita kimya kwa mstari mmoja, kama taa za msafara. Asubuhi habari imekwisha kufika soko la Kariakoo: huyu asema ni majini, yule asema ni ishara ya mwisho, na kijana asema ni chombo cha viumbe wa nyota nyingine. Mara nyingi mstari wa namna hiyo ni setilaiti za Starlink, ambazo tangu mwaka 2019 hurushwa nyingi pamoja, nazo hung'aa kwa nuru ya jua lililokwisha kutuchwea sisi. Jicho halikusema uongo. Jina ndilo lililokosea.

Jeshi la anga la Marekani lilikusanya habari 12,618 za mianga na vyombo vya angani, tangu mwaka 1947 hata 1969. Nyingi zilikuwa nyota, mawingu, ndege na maputo. 701 tu zilibaki bila maelezo. Tena, jambo lisiloelezwa halijawa ushahidi wa jambo jingine.

Wako pia watu wa Ulaya na Marekani wasemao kwamba viumbe wa angani waliwajia kitandani: kifua kimelemewa, mwili haujongei, sauti haitoki. Je, si hali tuijuayo? Wazee wetu waliiita jinamizi. Matabibu waeleza kwamba akili huamka kabla viungo havijafunguka usingizini. Hali ni moja. Kila nchi huivika vazi lake.

Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja waliiita Popobawa. Wengi wakakesha nje penye moto. Ndipo huko Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili akadhaniwa kuwa ndiye, akauawa. Hakuuawa na pepo. Aliuawa na khofu ya watu waliofanya haraka kutaja jina.

Basi tusimcheke aliyeona, maana ameona kweli. Tumwulize: Ilikuwa saa ngapi? Upande gani? Ulikuwa macho, au usingizini? Mtume Yohana alitufundisha kuzijaribu roho. Kujaribu si kukosa imani. Amchaye Mungu haogopi kungoja kidogo kabla ya kusema.

Maswali ya kujifunza:
1. Ni habari gani uliyowapelekea wengine kabla ya kuichunguza?
2. Khofu ikiingia mtaani mwako, ni nani atakayeumizwa kwanza? Utamlindaje?