Kila Mtu na Ulimi Wake: Somo Juu ya Pombe na Ladha Zake

Leo tunataka kusoma juu ya jambo ambalo kila mtu analijua, ila wachache wamelifikiri. Jambo lenyewe ni pombe. Hatutamfundisha mtu kunywa, wala hatutamgombeza anayekunywa. Tunataka tujue kwa nini huyu anapenda hii na yule anapenda ile, na kila mmoja analipa nini kwa hicho akipendacho.

Somo hili lilianzia Kaengesa, hapa Ufipa. Tulikuwa darasani jioni tukijifunza kuandika barua. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Sumbawanga mjini akasema, "Mwalimu, mimi siku hizi sinywi pombe ya vyungu. Hiyo ni ya washamba. Mimi bia ya chupa tu." Darasa likacheka. Lakini mama mmoja hakucheka. Mama huyo hupika pombe, na kwa pombe hiyo huwasomesha watoto wake 3. Akasema polepole, "Mwanangu, wateja wangu wamepungua kwa maneno kama hayo hayo." Tukaona hapa pana somo.

Pombe ni nyingi

Kwanza tutazame nchi yetu. Kila mahali watu wamepika pombe kwa kile ambacho ardhi yao inatoa. Huko Kilimanjaro watu wana ndizi na ulezi, basi wakapika mbege. Kagera wana ndizi na mtama, wakapata rubisi. Iringa na Njombe wanagema mianzi, wakapata ulanzi. Pwani wanagema minazi, wakapata tembo. Wenye nyuki hutengeneza wanzuki kwa asali. Sisi wa huku kusini-magharibi tuna ulezi na mahindi. Basi tunapika komoni, na tunapika kimpumu, ambayo humiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija.

Wako wanaodhani kunywa pombe kwa mrija ni ushamba. Si kweli hata kidogo. Huko Iraki, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, watu walichora picha za wakubwa wao wameketi kuzunguka mtungi, wanakunywa pombe ya shayiri kwa mirija mirefu. Mrija una kazi yake: unaacha makapi chini na kuleta maji yake tu.

Bia ya chupa nayo ina historia yake. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa mwaka 1922. Bia yake ya Tusker ilipewa jina hilo kwa kumkumbuka George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliyeuawa na ndovu. Hapa Tanzania, bia ya Safari ilianza kuuzwa mwaka 1977, na bia ya Kilimanjaro mwaka 1996. Kumbe komoni na kimpumu ni wakubwa zao kwa mbali sana.

Pombe inatokeaje?

Pombe ya chungu na bia ya chupa ni ndugu. Zote mbili huanza na nafaka iliyochipuka. Sisi twaiita kimea. Kiwandani hutumia zaidi shayiri, hapa kwetu ulezi. Nafaka inapochipuka, ndani yake hutokea vitu vinavyogeuza unga kuwa sukari. Ndiyo maana ukitafuna kimea unasikia utamu. Halafu inakuja hamira. Hamira ni viumbe hai vidogo sana, havionekani kwa macho. Hamira hula ile sukari, na inapokula hutoa vitu viwili: kileo na hewa. Mapovu unayoyaona chunguni ni hiyo hewa.

Zamani watu walipika bila kujua habari za hamira. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kazi yake, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya bia na magonjwa ya bia. Alionyesha kwamba bia huharibika kwa sababu vijidudu vingine vimeingia.

Sasa tofauti ni nini? Bia ya chupa hutiwa hopsi, yaani maua ya mmea fulani wa nchi za baridi. Hayo ndiyo huleta uchungu. Tena huchujwa, na kwa kawaida hupashwa moto ili hamira na vijidudu vife. Kwa hiyo hukaa miezi bila kubadilika. Pombe ya chungu bado ni hai. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa ni chachu. Uchachu huo huletwa na vijidudu vya jamaa moja na vile vinavyogandisha maziwa. Basi mtu akisema "napenda komoni," tumwulize: ya siku ya ngapi?

Ulimi unajuaje?

Ulimi hujua utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Mengi ya mambo mengine tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Jaribu mwenyewe. Bana pua, kisha onja chai ya tangawizi. Halafu achia pua. Utaona tofauti kubwa.

Tena watu hawakuzaliwa na ulimi mmoja. Wako wanaosikia uchungu zaidi ya wengine tangu kuzaliwa. Mtu wa namna hiyo akikunja uso kwa bia ya chupa, si mjinga. Ulimi wake ndivyo ulivyo. Mazoea nayo yana nguvu. Kitu kichungu twajifunza kukipenda kidogo kidogo, hasa tukikinywa pamoja na watu tunaowapenda. Na joto lina kazi yake. Kinywaji baridi sana huficha utamu na harufu. Kinywaji cha moto huvitoa. Ndiyo maana bia baridi humfurahisha mtu wa Dar es Salaam anayetoka jasho, na kimpumu ya moto humfurahisha mzee wa Ufipa mwezi wa Juni, upepo unapopiga.

Jaribio letu

Jumapili moja tulikusanyika nyumbani kwa yule mama. Tuliweka vikombe 2 vya bati mbele ya yule kijana. Kila kimoja tulitia bia ya chupa ya aina yake, bila yeye kuona. Alikuwa amesema bia yake anaijua hata gizani. Akaonja, akaonja tena, akasema, "Hii hapa!" Ilikuwa ile nyingine. Watu wakacheka mpaka machozi. Kijana naye akacheka, akasema, "Basi kumbe nilikuwa nakunywa karatasi ya chupa!"

Halafu tulimpa mzee mmoja komoni ya yule mama. Mzee aliionja, akanyamaza kidogo. Akasema, "Mama, kimea hiki hakikukauka vizuri. Ile ya juma la jana ilikuwa nzuri zaidi." Mama aliinama. Kisha akasema, "Ni kweli, baba. Jua lilikosekana. Nikaona wateja wanangoja, nikasaga hivyo hivyo."

Hapo tulipata jibu la swali lake. Wateja wake hawakupungua kwa maneno ya vijana peke yake. Walipungua kwa sababu hawakujua watakuta nini: leo nzuri, kesho mbaya. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wako pia wapishi ambao hawakuharibu kwa kiburi. Waliharibu kwa kukosa kumbukumbu.

Siri ya kiwanda ni nini? Si uchawi. Kiwandani kila kitu kinapimwa na kuandikwa: maji kiasi gani, kimea kiasi gani, moto kiasi gani, siku ngapi. Ndiyo maana chupa ya leo ina ladha ya chupa ya jana. Na wewe, ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Kwa nini usiandike?

Mama yule alianza daftari. Alituruhusu kunakili ukurasa mmoja:

Jumatatu: nimeroweka ulezi, debe 1.
Jumanne: nimeutoa majini, nimeufunika kwa gunia.
Ijumaa: umechipuka vizuri. Nimeanika.
Jumapili: jua dogo. Haujakauka. Sitasaga leo.
Jumanne: umekauka. Nimesaga.

Tazameni maneno yale mawili: "Sitasaga leo." Hayo ndiyo maneno ya fundi.

Hesabu ya kileo

Watu husema komoni ni nyepesi, chupa ni kali. Hebu tupige hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita ina mililita 500. Kama imeandikwa asilimia 5, kileo chake ni mililita 25. Sasa tuseme komoni ina asilimia 3, nawe umekunywa lita 1. Kileo chake ni mililita 30. Basi umeizidi ile chupa! Tena komoni haina karatasi ya kukuambia asilimia zake, na kila siku inayopita huweza kuongezeka ukali. Mnywaji mwenye akili hahesabu vikombe tu, huuliza pia ni ya siku ya ngapi.

Na gongo je? Gongo yenye asilimia 40, ukinywa robo lita, ni mililita 100 za kileo. Hiyo ni sawa na chupa 4 za bia, umezimeza kwa kukaa kidogo tu. Tena gongo haina mpimaji. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza kuitengeneza bila kibali, na huko imeitwa moshi. Hatari kubwa zaidi huja pale mtu anapochanganya spiriti ya viwandani. Ina sumu inayoweza kupofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, huko Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu yenye sumu hiyo. Wengine walibaki vipofu. Walikuwa watu wa kawaida, waliotafuta kinywaji cha bei ndogo baada ya kazi. Hata vile vifuko vya plastiki vilivyoitwa viroba, Serikali yetu ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Jambo jingine ni baridi yetu ya Ufipa. Mlevi husema pombe inampa joto. Ngozi ndiyo inayosikia joto, lakini mwili wenyewe unapoteza joto upesi zaidi. Mlevi akilala njiani usiku wa Juni au Julai, anaweza asiamke. Ukimkuta, usimpite ukicheka. Mwamshe, mfunike, mpeleke kwao. Asipoamka, mlaze ubavu na kuita msaada.

Hesabu ya fedha

Tuseme chupa moja ni shilingi 2,000. Mtu anakunywa chupa 3 kila siku ya mnada, yaani shilingi 6,000 kwa juma. Kwa majuma 50 ni shilingi 300,000. Kama gunia la mahindi ni shilingi 60,000, mtu huyo amekunywa magunia 5. Pengine nyumba yake ilikosa gunia moja tu mwezi wa Februari.

Mpishi naye apige hesabu yake. Aandike ulezi, kuni, maji, na leseni ya kuuzia. Aandike pia kile alichobakiza kwa uji wa watoto. Ulezi ni chakula kabla ya kuwa pombe. Mama yetu wa Kaengesa sasa hutenga debe la uji kwanza, ndipo huroweka la pombe.

Tumalizie

Anayependa chupa na anywe chupa. Anayependa kimpumu na anywe kimpumu, lakini kila mtu na mrija wake safi. Asiyekunywa asilazimishwe, apewe togwa tamu naye akae na wenzake. Mama mjamzito asinywe kabisa, wala mtoto asionjeshwe. Ladha ni ya mtu mwenyewe, haina mkubwa wala mshamba. Lakini deni, ugonjwa na njaa si vya mtu mmoja. Ni vya nyumba nzima.

Na yule kijana? Juma lililofuata tulimkuta uani kwa yule mama, ameshika kikombe. Tulimwuliza, "Vipi, na chupa?" Akajibu, "Mwalimu, hii leo ni ya siku ya pili. Nimesoma kwenye daftari."

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini komoni ya leo haina ladha sawa na ya kesho?
2. Chupa 2 za nusu lita, asilimia 5, zina kileo mililita ngapi?
3. Piga hesabu ya pombe unayokunywa kwa mwaka. Ni magunia mangapi ya mahindi?
4. Unafanya kazi gani ambayo ingekuwa bora kama ungeiandika kwenye daftari?

Maneno ya kukumbuka

Kimea: nafaka iliyochipuka na kukaushwa.
Hamira: viumbe vidogo vinavyogeuza sukari kuwa kileo na hewa.
Asilimia: sehemu katika kila sehemu 100.
Kumbukumbu: mambo yaliyoandikwa ili yasisahaulike.