Kuongeza vyumba nyumba ya mzee, Masoko

Watoto wakishakuwa wanne, vyumba viwili vya marehemu baba mkwe havitoshi tena. Majirani walishauri tubomoe. Mimi nilitaka kwanza nione msingi, na mawe yake yalikuwa imara kuliko ya nyumba nyingi za juzi. Kuta ni matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, nene, na ndani pana joto hata Juni baridi inapobana.

Huku kwetu anza na maji, vyumba baadaye. Tukuyu, hapa karibu na Masoko, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Piga hesabu: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 80 linamwaga lita 160,000 kila mwaka, zote chini ya ukuta kama huna gata. Tukafunga gata, tukachimba mtaro, tukaweka simtanki, ndipo tukamwita fundi.

Fundi alitaka kutoboa ukuta wa zamani ili ashonee matofali mapya humo humo. Nikamwambia, "Hapana, fundi, acha nafasi." Ukuta wa zamani ulishakaa, mpya bado utashuka kidogo, na ukiziunganisha kwa nguvu ufa utatokea hapo hapo. Kwa hiyo chumba kipya kina msingi wake na lenta yake, na bati lake limeingia chini ya upenu wa nyumba ya mzee, maji yanapita juu bila kuingia kwenye ungio. Kuhusu mlango, usitoboe ukuta mahali papya. Chukua dirisha lililopo, ondoa matofali ya chini yake tu. Kizingiti cha juu kipo tayari, na ukuta wenye udongo haupendi kutikiswa.

Lipu ya saruji tupu juu ya matofali yaliyoungwa kwa udongo hufunga unyevu ndani, kisha hubanduka vipande vizima. Sisi tulichanganya chokaa na mchanga. Hukauka polepole, na fundi atanung'unika.

Kazi ya kuta ifanyike kati ya Juni na Septemba. Machi hadi Mei ni ya mbao, misumari na kubishana bei. Mbao ziwe zimekauka; mbichi hupinda, na kenchi ikipinda bati huvuja hata likiwa jipya. Jiko la kuni tumeliacha nje. Mama mkwe hakutaka kusikia suala la kuliingiza ndani, na kwa moshi ule nilikubaliana naye.