Mtoto Aliyezaliwa Mamake Ana Homa: Ya Kufanya na Kutofanya

Mama, baba na bibi wa Unguja, kuanzia Malindi na Shangani mpaka Nungwi na Makunduchi, masharti haya ni yenu ikiwa nyumbani kwenu pana mtoto ambaye mamake alishikwa na homa na maumivu ya viungo siku za kujifungua. Homa ya mama ikishaondoka, kazi ya kumwangalia mtoto ndiyo kwanza imeanza, na itachukua miaka 2.

Homa hiyo huenda ni chikungunya, maradhi ya virusi yanayoletwa na mbu, nayo imetoka kwetu. Madaktari waliieleza mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, na kwa miaka hamsini ikahesabiwa kuwa ni maradhi ya kuumiza viungo tu. Mwaka 2004 ikaipiga Lamu, kisha Mombasa. Mwaka 2005 ikafika Komoro na kisiwa cha Réunion, na kufikia 2006 takriban theluthi moja ya watu wa Réunion walikuwa wameugua. Huko ndiko ilikobainika kwamba karibu nusu ya akina mama wenye virusi damuni wakati wa uchungu huwaambukiza watoto wao. Watoto hao walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 2 hivi, nusu yao walikuwa nyuma katika mwendo, usemi au mahusiano na watu. Kwa wenzao ambao hawakuambukizwa, ilikuwa kiasi cha 15 katika kila 100.

Sema kabla hujaulizwa. Ukipata homa katika wiki ya kujifungua, mwambie mkunga, na umtake aandike tarehe ya homa kwenye kadi ya mtoto. Usijiambie kuwa ni uchovu wa mimba. Malaria imepungua sana Unguja, lakini mbu hawajaondoka. Wala usiombe upasuaji ukidhani utamwokoa mtoto, kwa sababu kule Réunion watoto waliozaliwa kwa upasuaji nao waliambukizwa.

Usidanganywe na siku mbili za mwanzo. Mtoto aliyeambukizwa huzaliwa mzima, akalia vizuri na akanyonya. Homa humjia kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati mmesharudi nyumbani, mama anakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na wageni wamejaa ukumbini. Wageni wasubiri. Mtu mmoja mwenye akili timamu apewe kazi ya kumwangalia mtoto mchana na usiku. Akikataa titi, akichemka, akilia kila akiguswa, akivimba mikono au miguu, akitoka madoa au akilala hata haamshiki, apelekwe hospitali saa ileile, iwe Kivunge, Makunduchi au Mnazi Mmoja. Dalili moja inatosha. Msingoje ya pili.

Akishikwa na degedege, jueni ni ubongo unaoumia. Bibi, kwa heshima zote, si ndege aliyepita juu ya nyumba, wala si shetani. Dua isomwe, lakini isomwe ndani ya gari mkiwa njiani. Usimfukize mtoto. Usimpake mafuta ya taa. Usimtie kombe wala maji ya namna yoyote mdomoni, kwani anayekakamaa hupaliwa.

Usimpe aspirini, wala dawa iliyobaki ya kakake. Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Tiba ni kushusha homa, kumlisha na kuzuia degedege, na kipimo cha dawa ya mtoto mchanga hupangwa na daktari kwa uzito wake, hakikadiriwi kwa kijiko cha chai. Titi usimnyime. Haijathibitika kwamba maziwa ya mama huambukiza chikungunya, na mtoto mgonjwa anayahitaji kuliko yule mzima.

Baada ya tiba, kinga: nenda kwenye maji. Mlipuko wa Lamu ulikuja wakati wa ukame, sio wa mafuriko. Visima vilipungua, watu wakaweka maji ndani kwa siku nyingi, na mbu akapata makao. Sisi wa Mji Mkongwe tunajua mambo hayo vizuri: bomba halitoki kila siku, kwa hivyo kila nyumba ina pipa behewani, ndoo msalani na tangi juu ya paa. Funika vyote. Mara moja kwa wiki mwaga maji na usugue kuta za chombo kwa brashi, kwa maana mayai ya mbu huyu hugandia ukutani juu ya maji, na hukaa makavu kwa miezi yakingoja kulowa. Vifuu, vikopo na matairi vilivyotupwa uani viondoke kabla ya masika. Tena mbu huyu huuma mchana. Chandarua kinachofungwa kitandani usiku, kisha mtoto akalazwa wazi barazani saa nne asubuhi, hakijamkinga. Mfunikie chandarua kila anapolala. Dawa ya kufukuza mbu usimpake mtoto ambaye hajatimiza miezi 2.

Sasa nakuja kwenye jambo linalopuuzwa kuliko yote. Mtoto akipona, watu husema alhamdulillahi na kadi ikatiwa kabatini. Itoeni. Kila mkienda kliniki, usiridhike na uzito. Mwombe muuguzi apime mzunguko wa kichwa na auandike. Mtoto wa mimba iliyotimia huzaliwa na kichwa cha kiasi cha sentimita 35, na akifika mwaka huwa karibu 46. Kichwa kinachosimama wakati mwili unakua ni habari ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Nyumbani mwangalieni hivi. Miezi 2, anakutazama usoni na kutabasamu. Miezi 4, shingo imekaza. Miezi 9, anakaa bila kuegemezwa. Miezi 18, anatembea peke yake. Miaka 2, anaunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Mtoto ambaye hajatimiza mwaka akitumia mkono mmoja tu na kuukunja ngumi wa pili, msimsifu kuwa ana mkono wa nguvu, kwani upande ule wa pili huenda ni dhaifu. Akiwa hashtuki sufuria ikianguka nyuma yake, apimwe masikio. Na neno la kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, au kwamba babake naye alichelewa, silitaki kulisikia. Limewapotezea watoto wengi mwaka mzima ambao ungewafaa.

Mtoto aliyechelewa hufanyishwa mazoezi kwa upole, kila siku, kama mtaalamu wa viungo alivyoonyesha. Usimvute miguu kwa nguvu. Usimfukie mchangani ufukweni ukitarajia atasimama. Usimtie kwenye kigari cha magurudumu, hakimfundishi kutembea na humwangusha ngazini, na ngazi za nyumba zetu mnazijua. Mlaze kifudifudi mkekani akiwa macho, ukae mbele yake. Mpe kifuu kikavu na kijiko agonge. Mwimbie, mtajie kila unachokishika, mjibu anapobwabwaja. Simu na televisheni hazimjibu, basi zizimwe.

Baba, usiulize nani kaleta. Mbu ndiye aliyeleta. Usimwache mkeo aende kliniki peke yake kila mwezi kisha ukataka habari jioni. Nenda naye, ubebe mtoto, umsikilize daktari kwa masikio yako.

Na msimfiche mtoto ghorofani kwa kuogopa maneno ya majirani. Anahitaji baraza, watoto wenzake na jua la asubuhi. Mkihitaji wa kuwaelekeza, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985, waulizeni. Nusu ya wale watoto wa Réunion hawakuchelewa, na si kila kuchelewa kunatokana na virusi, ndiyo maana lazima apimwe na siyo kukisiwa. Miaka yake ya kuandikishwa skuli ikifika, nendeni na kadi ile, yenye tarehe ya homa na vipimo vyote vya kichwa, mkampe mwalimu mkuu aisome.