Kwa nini tunaogopa ugonjwa mgeni kuliko ule tuliouzoea?

Katika somo hili tunazungumza juu ya woga. Woga si kosa, kwa sababu asiyeogopa hatari hawezi kujikinga. Lakini woga usioeleweka unaweza kuvunja amani kambini na kijijini.

Mfano wetu

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, mkoa ambao haukuwa umeuona ugonjwa huo mbele. Ulifika Ituri pia, na ulimalizika Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, karibu 2,300 wakafa. Katika mwaka 2019 peke yake, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo nzima, wengi wao watoto wadogo. Hata hivyo midomo yote ilikuwa juu ya Ebola. Watoto wa surua tuliwazika kimya.

Sababu ni nini?

1. Surua tunaijua. Wazee walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini surua inatujua, na bado inatula.

2. Ebola iliua karibu watu wawili kati ya kila watatu walioipata. Surua huua wachache kati ya wagonjwa wake, lakini wagonjwa wake ni wengi sana.

3. Ebola ilikuja na mambo mageni: watu waliofunikwa uso, wagonjwa kutengwa, maiti kuzikwa na mikono isiyo ya ukoo.

4. Watu waliuliza: "Vita vinatuua miaka mingi, mbona magari haya hayakuja wakati ule?" Swali hilo lilipokosa jibu, uvumi ulijibu.

Hivyo woga ukageuka hasira. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Walioumia ni wagonjwa wetu wenyewe na wale waliokuja kuwatunza.

Tufanye nini?

- Tusimcheke mwenye woga. Tumsikilize kwanza, kisha tumweleze.
- Mtu aliyekimbia vita asiitwe mleta ugonjwa. Akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya, asifukuzwe.
- Viongozi waombe waganga waeleze kazi yao mbele ya kuianza, na jamaa wapewe nafasi ya kuomba na kuaga maiti wakiwa mbali kidogo.
- Tusisahau maadui wa kila siku: watoto wapate chanjo ya surua, walale ndani ya chandarua, wanywe maji safi.

Woga hutuonyesha kilicho kigeni. Hautuonyeshi sikuzote kinachoua wengi.

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Katika kambi yetu, ni ugonjwa gani unaoogopwa zaidi? Na ni upi uliozika watoto wengi zaidi mwaka huu?
- Uvumi ukianza leo, tutamwendea nani ili tujue ukweli?