Kirimu, Hydra na neno "joka": tumwiteje katika vitabu vya watoto?

Anayetaka kuwaandikia watoto wa Bukavu kisa cha Mwindo kwa Kiswahili hukutana mapema na tatizo la msamiati. Katika utendi huo wa Wanyanga wa Walikale yumo kiumbe aitwaye Kirimu, mwenye ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba na tumbo kubwa. Daniel Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene walichapisha tafsiri ya Kiingereza mwaka 1969, kutokana na masimulizi ya Candi Rureke ya mwaka 1956. Kwa Kirimu walitumia neno ambalo kwa Kiswahili kwa kawaida hufasiriwa "joka". Je, neno hilo linafaa? Naona halifai, kwa sababu ya umbo na ya maana.

Tuanze na umbo. "Joka" ni ukubwa wa "nyoka". Linamfaa Hydra wa Wagiriki, maana yeye ni nyoka wa majini, na jina lake lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la maji. Kirimu hana unyoka wowote. Jina lake naliweka pamoja na maneno yenye mzizi wa Kibantu *-dimu: "mzimu", "kuzimu" na "zimwi" katika Kiswahili, "umuzimu" katika Kinyarwanda, "irimu" katika Kigikuyu. Katika Kisotho, "lelimo" ni mla watu na "Molimo" ni Mungu. Mzizi ni mmoja. Kiambishi cha ngeli ndicho kinachotenganisha anayeabudiwa na anayeogopwa. Tukisema "joka", undugu huo wote unapotea.

Sasa maana. Herakles anakata vichwa vya Hydra, vingine vinaota, mpaka Iolaos anachoma shingo kwa moto. Katika masimulizi ya Apollodoros, Eurystheus anakataa kuihesabu kazi hiyo kwa sababu shujaa alisaidiwa. Hakuna anayelalamika kwamba Hydra ameuawa. Kwa Wanyanga mambo ni tofauti. Kirimu anawameza wawindaji wa Mwindo, Mwindo anamwua, na macho ya mnyama huyo yanapopasuka watu wanatoka humo. Tungetegemea sherehe. Lakini Nkuba, yaani Radi, alikuwa amechanjiana damu na Kirimu. Anamchukua Mwindo hadi mbinguni, anamtesa kwa baridi, mvua na jua kwa mwaka mzima, kisha anamkataza kuua mnyama yeyote. Kirimu, basi, ana rafiki wa kumdai.

Hadithi za watoto za leo zimeanza kuelekea huko. Katika kitabu cha pili cha Rick Riordan kuhusu Percy Jackson, cha mwaka 2006, Hydra bado ni kitu cha kuangamizwa, tena uhai wake umeunganishwa kwa mzaha na maduka ya donati. Lakini katika kitabu hichohicho Tyson, mwenye jicho moja, ni ndugu wa Percy kwa baba. Msomaji anafundishwa kuuliza zimwi ni wa nani kabla ya kuuliza litauawaje. Swali hilo Rureke alikwisha kulisimulia nusu karne kabla.

Kiswahili nacho kinalijua. Tunasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Joka halina methali ya namna hiyo, kwa sababu zimwi linaweza kukujua, na wewe unaweza kulijua.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wenzangu watakaoandika au kutafsiri. Kwanza, "Kirimu" libaki kama jina, na "zimwi" litumike kumweleza; "joka" tumwachie Hydra. Pili, tusikifupishe kisa kikaishia kwenye ushindi. Toleo la watoto linalofunga kitabu Kirimu anapokufa linamfanya Mwindo kuwa Herakles mdogo, na linamwondolea mtoto wa Kivu somo ambalo utendi wenyewe ulilipa uzito: kwamba hata mwenye haki ya kujitetea huulizwa damu aliyoimwaga ilikuwa ya rafiki wa nani.