Maktaba ya Kiwayu: Nani Alipe?

Swali: Je, serikali kuu yaweza kuihimiza kaunti ya Lamu ituletee maktaba kisiwani Kiwayu?

Jibu: Yaweza. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti maktaba, lakini kifungu cha 202 kinaruhusu ruzuku yenye masharti: kwa mfano, kaunti ikitenga shilingi ya vitabu, serikali kuu iongeze mbili, maana kusafirisha vitu visiwani ni ghali. Wapo wasemao maji kwanza. Hoja hiyo ni nzito. Ila maji, barabara, afya na umeme vina Hazina ya Usawazishaji chini ya kifungu cha 204, na vitabu havikutajwa humo. Wala jengo si sharti: Garissa vitabu vimebebwa na ngamia, kwenu mashua yatosha kuanzia. Lipelekeni ombi hili kwenye vikao vya bajeti ya kaunti.