Nishati Safi Isiwe Dhulma

Katika somo la fiqhi huwafundisha wanafunzi wangu kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Kanuni hii inahusu pia miradi ya nishati.

Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya SEKAB ya Sweden ilikuja Bagamoyo kulima miwa ya kutengeneza ethanoli, yaani spiriti ya kuendeshea magari badala ya petroli. Ardhi iliyotakiwa ni Razaba, iliyokuwa ranchi ya Serikali ya Zanzibar, zaidi ya hekta 20,000. Nia ilisifiwa: moshi upungue duniani. Lakini miwa inataka maji mengi, na maji yenyewe ni ya Mto Wami, unaotegemewa na wanyama wa Saadani na mikoko ya mdomoni mwake. Tena mle Razaba walikuwamo wakulima, wafugaji na wachoma mkaa.

Mwaka 2009 SEKAB ilijitoa, EcoEnergy ikaendelea, sasa sukari ikitangulizwa. Mwaka 2016 Serikali ilifuta hati ya ardhi. Mwekezaji akashitaki ICSID, na mwaka 2022 ikaamuliwa Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 165.

Hebu tujiulize: nani alinufaika? Ethanoli haikupatikana. Mwanakijiji alikaa karibu miaka kumi hajui apande mkorosho au asubiri kuhamishwa. Deni likaelekezwa kwa mlipa kodi.

Sisemi nishati mpya ikataliwe. Hapa Mlingotini mikoko imekatwa kwa kuni na mkaa, na mikoko ndiyo mazalia ya samaki na kinga ya ufukwe ambako akina mama wanalima mwani. Asiye na nishati nyingine ataendelea kukata. Kukaa bila umeme nako ni madhara.

Ninachosema ni kuwa haki itangulie hati. Kabla ya kusaini, ijulikane nani anaitumia ardhi hiyo, hata kama hana karatasi. Maji yapimwe wakati wa kiangazi, si masika. Wanakijiji waulizwe mapema, wakiwa bado na nafasi ya kusema hapana, na umeme ukizalishwa uwafikie wao pia.

Mtume (s.a.w) ametuonya vikali juu ya kupora ardhi, hata iwe shubiri moja. Hakuwabagua waporaji kwa uzuri wa malengo yao.